Uswisi kwa treni na watoto: hesabu milima kwanza, pasi baadaye

Kila ikikaribia likizo ya mwezi wa saba simu yangu haipumui. Dada mambo, tunakuja Uswisi na watoto, tukate pasi ipi? Mtoto wa miaka saba analipa? Ile treni yenye vioo mpaka juu ndo hiyohiyo inayopanda kwenye barafu? Naishi Bern, nimeshapokea wageni wa kila aina, ndugu wa Dar, shemeji wa Mombasa, mashoga zangu wa Birmingham na waume zao, na maswali ni yaleyale, basi nimeamua niandike mara moja, mtu akiniuliza namtupia hii asome kwanza halafu ndo tuongee. Nikisema pasi hapa namaanisha ya treni, ile ya kusafiria nitaiita pasipoti, tusichanganyane.

Nianze na kosa linalokula hela za watu kuliko yote. Mtu anaingia mtandaoni, anaona Swiss Travel Pass, pembeni kuna picha ya mlima mweupe, anakata ya watu wazima wawili, halafu anafika nusu ya safari anaambiwa pasi yako mwisho hapa, kwenda juu ongeza hela. Anahisi kaibiwa, na hajaibiwa. Ile pasi ni ya treni za kawaida, mabasi, tramu na meli za ziwani, na hivyo vyote unapanda mpaka uchoke, ila njia za kupanda vileleni zina kampuni zake na bei zake. Kwingine imo bure, kwingine unapunguziwa nusu, kwingine robo tu. Ndo maana unaanza na milima.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Viza. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo inahitaji viza ya Schengen. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila ukisubiri hizo siku 15 unajitafutia presha. Pasi ya treni nunua baada ya viza kutoka, inakuja kwa imeili siku hiyohiyo, haraka ya nini.
- Pasipoti za wote mbele yako, majina na tarehe za kuzaliwa za watoto uandike kama zilivyo humo.
- Apu ya SBB, yaani shirika la reli la Uswisi, kwenye simu mbili, siyo moja. Ukiizoea hiyo umemaliza nusu ya kazi.
- Jaketi na soksi nzito kwa kila mtu hata kama ni Julai. Nimeona mtoto amevaa ndala kwenye theluji, baba yake kampa viatu vyake akabaki anarukaruka kama jogoo.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii huku.
- Karatasi na kalamu. Sitanii.

Hatua ya 1: Chagua sehemu moja ya kulala

Usipange kulala mji tofauti kila siku na watoto na mabegi, utaichukia nchi nzima. Chagua kambi moja, au mbili kama una wiki. Kwa mara ya kwanza mimi huwa nasema Luzern au Interlaken. Luzern ipo zaidi kidogo ya saa moja kutoka kiwanja cha ndege cha Zürich, na stesheni iko chini ya kiwanja chenyewe, unashuka na ngazi za umeme tu. Interlaken ni kama saa mbili na kidogo, hapo ndo mlango wa milima ya Jungfrau. Hoteli tafuta karibu na stesheni hata kama ni ghali kidogo, ukiwa umebeba mtoto aliyelala saa tatu usiku utanikumbuka.

Hatua ya 2: Andika milima unayoitaka na mbele yake andika pasi inafika wapi

Hapa ndo karatasi inapofanya kazi. Ukiwa na Swiss Travel Pass mambo yako hivi.

Iliyo bure kabisa: Rigi, Stanserhorn na Stoos, yote iko upande wa Luzern. Rigi ndo napendekeza kwa familia yoyote yenye watoto wadogo au bibi. Unapanda meli Luzern mpaka Vitznau, kama saa moja, watoto wanaangalia bata, halafu unaingia treni ya meno, yaani katikati ya reli kuna reli nyingine yenye meno na gurudumu linang'ata kama mnyororo wa baiskeli, hiyo njia ilifunguliwa 1871 na ndo treni ya mlimani ya kwanza ya aina hiyo Ulaya. Juu ni mita 1,798. Kurudi unashukia upande wa pili, Arth-Goldau, unapanda treni ya kawaida kurudi Luzern. Siku nzima, meli na treni mbili tofauti, hujatoa hata senti juu ya pasi. Stoos nayo watoto wanaipenda maana treni yake inavutwa kwa kebo na behewa ni mapipa yanayozunguka ili sakafu ibaki sawa wakati mnapanda ukuta, tangu 2017 ndo inashika rekodi ya mwinuko mkali kuliko zote za aina yake.

Nusu bei: Pilatus, ambayo treni yake ya meno inapanda mwinuko wa asilimia 48, na Gornergrat kule Zermatt, mita 3,089, unauona mlima Matterhorn uso kwa uso.

Robo tu: Jungfraujoch, mita 3,454, ile wanayoiita Kilele cha Ulaya. Pasi inakufikisha Grindelwald au Wengen, kuanzia hapo unapunguziwa asilimia 25. Na tiketi kamili ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken kwa mtu mzima inazidi faranga 200, kwa hiyo hata ukipunguziwa bado inauma.

Sasa kuna siri ambayo wageni wangu wengi hawaiamini mpaka wafike. Mürren. Ni kijiji kisicho na magari, mita 1,638, pasi inafika bure, na milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau yote mitatu imesimama mbele yako kama watu wanaokusubiri kwenye picha. Mama yangu alipokuja hakutaka kusikia habari ya kwenda juu zaidi, alikaa kwenye benchi na maandazi yake akasema mimi hapa panatosha, nyie nendeni.

Hatua ya 3: Jibu swali la watoto, maana hapa ndo kuna unafuu

Chini ya miaka 6 hawalipi. Miaka 6 mpaka 15 wanasafiri bure wakiwa na mzazi mwenye pasi, kwa kadi inayoitwa Swiss Family Card, na kadi yenyewe ni bure. Unaiomba palepale unaponunua pasi, unaandika jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto. Watu wanasahau kuiomba halafu wanaanza kuulizana na konda ndani ya treni, usifanye hivyo.

Angalia neno mzazi. Shangazi peke yake na watoto wa kaka yake haiendi, bibi peke yake na wajukuu haiendi, angalau baba au mama awepo safarini. Mtoto asiye na mzazi analipa nusu ya bei ya pasi. Na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako kabisa, najua, ila konda hajui hayo. Kijana aliyefika 16 siyo mtoto tena, ila mpaka afikishe 25 anapata pasi ya vijana, pungufu ya asilimia 30.

Kwenye vilele vyenye bei zake usikisie kwamba kadi ya familia inafika mpaka juu, waulize dirishani kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Fanya hesabu kati ya pasi na kadi ya nusu bei

Hii hatua wengi wanairuka na ndo yenye hela. Chaguo kubwa ni mbili. Swiss Travel Pass, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15 mfululizo, bei za 2025 daraja la pili zilikuwa faranga 244, 295, 379, 419 na 459. Na Swiss Half Fare Card, ya mwezi mzima, faranga 120 mwaka huohuo wa 2025, hiyo unalipa nusu ya karibu kila tiketi ya treni, basi, meli, na milima mingi pamoja na Jungfraujoch. Zote mbili ni za watu wasioishi Uswisi, ukiwa unakaa Ujerumani au Uingereza unaruhusiwa, ukiwa unakaa Zürich huruhusiwi. Bei hupanda, angalia za mwaka wako kabla ya kutoa kadi ya benki.

Chukua baba, mama, watoto wawili wa miaka 8 na 11, siku 4. Pasi mbili ni 590. Kadi mbili za nusu ni 240. Watoto kote sifuri. Tofauti ni 350. Sasa jiulize, hizo tiketi za nusu bei za watu wazima wawili kwa siku 4 zitafika 350? Hiyo ni kama faranga 44 kwa kila mtu mzima kila siku kwa bei ya nusu, yaani safari za 88 kwa bei kamili. Kama kila siku mnakwenda mbali, leo Luzern kesho Zermatt keshokutwa Montreux, mtafika na kupita, chukueni pasi. Kama mmelala Interlaken na mnazunguka mabonde ya karibu, na mmoja wa milima yenu ni Jungfraujoch, kadi ya nusu inashinda, safari hiyo moja tu inakaribia kurudisha bei ya kadi.

Fungua apu ya SBB, weka safari zako, andika bei za kila siku kwenye karatasi, jumlisha. Dakika ishirini hizo. Mtu anayekwambia pasi fulani ni bora kwa kila mtu muulize alipanda milima gani.

Kuna na pasi za maeneo, kama Jungfrau Travel Pass, hizo ni nzuri ukikaa eneo moja siku kadhaa, ila na yenyewe kipande cha mwisho kutoka kituo cha Eigergletscher kwenda Jungfraujoch unalipia pembeni. Naona sasa mnaanza kuelewa mchezo.

Pasi ya Flex nayo ipo, siku zako unazitumia mojamoja ndani ya mwezi mmoja, ni ghali kidogo kuliko ya mfululizo, na kila siku unayotaka kuitumia lazima uiwashe mtandaoni kabla hujapanda. Ukisahau kuiwasha huna tiketi.

Hatua ya 5: Treni za vioo, na dada zao wa kawaida

Glacier Express inatoka Zermatt mpaka St. Moritz, kama saa nane. Bernina Express inakwenda mpaka Tirano, Italia. Pasi inalipia nauli ya zote mbili, ila siti lazima ubuki na ubukie kwa hela, na mtoto anayekalia siti yake naye alipiwe. Julai na Agosti zinajaa mapema sana.

Mimi kwa mtu mwenye mtoto chini ya miaka kumi nasema achana na saa nane. Panda treni nyekundu ya kawaida St. Moritz mpaka Tirano, reli ileile, inapita Ospizio Bernina mita 2,253, inazunguka kwenye daraja la Brusio kama nyoka anayeutafuta mkia wake, haina kubuki, zinatoka karibu kila saa, na kwenye mabehewa mengi dirisha linafunguka kwa hiyo picha hazina kivuli cha taa. Mtoto akichoka mnashuka kituo chochote mnakula, mnapanda inayofuata. Bebeni pasipoti maana mnaingia Italia, ila viza ya Schengen inatosha.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Waliozoea SGR ya Dar au ya Mombasa wanashangaa hapa. Hakuna geti, hakuna skana ya mizigo, hakuna kufika saa moja kabla. Tiketi ya kawaida haina siti wala treni maalum, unaingia unakaa. Ila lazima uwe na tiketi kabla ya treni kuondoka, ndani hawauzi, na faini hawana huruma hata ukilia.

Namba kubwa 1 mlangoni ni daraja la kwanza, ukiwa na ya pili pita uendelee. Mlango haufunguki wenyewe, bonyeza kitufe. Kwenye vituo vidogo vya mlimani treni inasimama ikiombwa tu, bonyeza kitufe cha kuomba kusimama la sivyo mtapunga mkono kwa hoteli yenu dirishani.

Treni za ghorofa za masafa marefu nyingine zina behewa la familia, ghorofa ya juu mwishoni mwa treni, kuna bembea ya kuteleza na sehemu ya kuchezea. Apu inaonyesha behewa liko sekta gani, A, B, C au D, herufi hizo zimetundikwa juu ya platifomu. Simama chini ya herufi yako kabla treni haijafika, usije kuanza kukimbia na kigari cha mtoto.

Na sasa Zweilütschinen. Treni ya kutoka Interlaken Ost inakwenda imeungana, ikifika hapo inakatwa vipande viwili, kimoja Lauterbrunnen kingine Grindelwald. Mwaka juzi shemeji yangu alikuwa na mtoto mkubwa, akaona kule mbele kuna nafasi nzuri ya kupiga picha, wakaenda. Sisi tumekaa na dada, tunamenya mayai, treni ikasimama, ikatikisika kidogo, na nikamwona shemeji dirishani anaondoka taratibu kushoto huku anatupungia, alidhani sisi ndo tumesimama kumsubiri treni nyingine ipite. Simu zote mbili na pasi zote zilikuwa kwenye begi la dada. Alipata akili, akashuka kituo cha kwanza akarudi na treni iliyofuata, tukakutana baada ya karibu saa nzima, mtoto anacheka, baba hacheki. Kwa hiyo soma kibao pembeni ya behewa au skrini ya ndani, inaandika behewa hili linakwenda wapi, na kila mtu mzima abebe nakala yake ya pasi pamoja na pasipoti, konda anaweza kutaka vyote viwili.

Kubadilisha treni apu inaweza kukupa dakika tano. Mswisi zinamtosha, wewe na watoto watatu usijaribu. Chagua inayofuata.

Hatua ya 7: Kwenda juu sana

Angalia kamera za mlimani asubuhi kabla ya kununua tiketi, kila mlima mkubwa una kamera ya mtandaoni. Kukiwa na ukungu usiende, utalipa hela nyingi kuangalia karatasi nyeupe. Hii ndo sababu nyingine ya kutonunua tiketi ya Jungfraujoch miezi mitatu kabla.

Jungfraujoch ipo katikati ya kambi za Mandara na Horombo za Kilimanjaro kwa urefu. Kule unapanda kwa miguu siku mbili mwili unazoea, huku unafika chini ya saa mbili umekaa. Kichwa kinauma, mtoto ananyamaza ghafla. Tembeeni polepole, maji mengi, msikimbie kwenye theluji dakika za kwanza. Mwenye kichanga, au mgonjwa wa moyo au kifua, aongee na daktari kwanza au abaki Mürren na mama yangu.

Chakula bebeni. Chapati na maharage makavu kwenye kontena, hakuna anayekukataza kula ndani ya treni za kawaida. Maji jazeni kwenye chemchemi za barabarani, ni safi, isipokuwa iliyoandikwa Kein Trinkwasser. Jumapili maduka yamefungwa, ya kwenye stesheni kubwa ndo yako wazi.

Ikikwama

Treni imewaacha: tulieni, nyingi zinarudia kila nusu saa au kila saa. Pasi yako inafanya kazi kwenye inayofuata. Ila kama ulinunua zile tiketi za bei ya chini sana zinazotaja treni maalum, hizo zimekufa, nunua nyingine.

Ubao umeandika Ausfall: treni imefutwa. Verspätung ni kuchelewa. Fungua apu utafute njia upya, huwa ipo.

Simu imezima: ndo maana nakala ya karatasi. Ile QR code ya miraba ikichapishwa inasomeka vizuri tu.

Mtoto anaumwa kichwa au anatapika juu: shukeni na chombo cha kwanza, msisubiri kumaliza picha. Akishuka chini wengi wanapona njiani. Asipopata nafuu, ambulansi ni 144.

Mabegi makubwa siku ya kuhama: stesheni kubwa zina makabati ya kulipia, na kuna huduma ya kutuma begi kutoka stesheni moja mpaka nyingine, ila halifiki jioni hiyohiyo, kwa hiyo nguo za kulalia na dawa zibaki na nyie.

Cable car (gari linaloning'inia kwenye kebo) imefungwa: mmekuja Aprili au Novemba. Miezi hiyo wanafanya matengenezo, nyingi zinasimama. Angalieni ratiba za mlima wenu kabla ya kukata tiketi ya ndege, na kumbukeni ratiba za treni nchi nzima zinabadilika kila Desemba.

Mtoto hataki kushuka kwenye behewa la familia: mwambie kituo kinachofuata ni chenu wakati bado viwili, avae viatu mapema. Treni inasimama dakika moja au mbili, na kiatu kimoja kila mara kinakuwa chini ya bembea.